Jua la Kanda ya Kati: Maswali Yenu ya Sola na Majibu Yetu

Barua za safari hii zimetoka zaidi Dodoma na Singida, na nyingi zina kilio kimoja: jua linawaka kutwa nzima, umeme hauonekani. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Mahali penye hesabu tumeziacha hesabu zenyewe, ili msomaji aweke namba zake na apate jibu la nyumba yake.

SWALI: Nimefunga paneli moja ya wati 550 juu ya bati hapa Chemba. Saa sita mchana, jua la utosi, kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji, inasoma wati 430 tu. Nimerudi dukani nikaambiwa ndivyo zilivyo. Je, nimeuziwa feki? (Mwalimu, Chemba)

JIBU: Mwalimu, hujaibiwa. Zile wati 550 zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa maabara, mwanga ukiwa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na seli, vile vipande vya ndani vinavyozalisha umeme, zikiwa na nyuzijoto 25. Ni joto la seli hilo, si la hewa. Juu ya bati lako, hewa ikiwa nyuzi 32, seli hufika nyuzi 63 hivi. Paneli nyingi za sasa hupoteza kama asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayozidi 25. Nyuzi 38 za ziada mara 0.35 ni asilimia 13, na hapo wati 550 zimeshuka hadi 477. Toa asilimia 5 ya vumbi, toa asilimia 4 inayopotelea kwenye waya na kontrola, unabaki na wati 435. Kontrola yako inasoma 430. Hesabu imekaa.

Wengi wanachanganya jua na joto. Paneli inakula mwanga, na joto ni adui yake. Ukitaka kuona namba kubwa kuliko zote kwenye kontrola, itazame mwezi wa kwanza au wa pili mara mvua inapokatika na mawingu kupasuka: hewa imepoa, kioo kimeoshwa, na mwanga unatoka kwenye jua na kwenye kingo za mawingu kwa pamoja.

Kuna kiasi unachoweza kurudisha. Pitisha kiganja kati ya paneli na bati. Kama hakipiti, paneli yako inapikwa juu na chini. Inyanyue kwa reli hadi ibaki nafasi ya sentimita 10 hadi 15, na ncha zote mbili, ya juu na ya chini, ziachwe wazi ili hewa ya moto ipande na kutoka.

Na kwa wanaoogopa feki, chukueni futi kamba. Paneli nzuri ya sasa hutoa wati 200 hadi 220 kwa kila mita ya mraba. Ya wati 550 huwa na urefu wa mita 2.28 na upana wa mita 1.13 hivi, na uzito wa kilo 27 au 28. Ukikuta paneli ya mita 1 kwa sentimita 67 imebandikwa karatasi ya wati 300, ujue haiwezi kuvuka 150 hata ikipelekwa wapi. Karatasi hudanganya, eneo la kioo halidanganyi.

SWALI: Fundi mmoja anasema paneli zielekee mashariki zipate jua la asubuhi, mwingine anasema zilazwe kabisa kwa kuwa jua letu ni la utosi. Tumfuate nani? (Kongwa)

JIBU: Msimfuate yeyote kati yao. Zielekezeni kaskazini, kwa mlalo wa nyuzi 10 hadi 15. Dodoma na Kongwa ziko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Jua linapita utosini mara mbili tu kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi Juni saa sita mchana limesogea kaskazini nyuzi 30 hivi kutoka utosini, na Desemba limesogea kusini nyuzi 17. Kwa hiyo kaskazini ndiko kunakolipa, hasa kiangazi.

Kuzilaza ndilo kosa baya zaidi. Maji ya mvua ya kwanza hubeba vumbi lote hadi ukingo wa chini wa fremu na kutuama hapo. Yakikauka yanaacha utepe wa tope wenye upana wa vidole viwili, umefunika mstari mzima wa seli. Kwa kuwa seli zimeungana kama shanga kwenye uzi, utepe ule mwembamba unaweza kuua theluthi ya paneli. Kama paa lenu linatazama mashariki au magharibi na mteremko wake si mkali, fungeni hivyohivyo. Hasara ni asilimia chache tu.

SWALI: Wanangu, mimi ni bibi wa huku Bahi. Mjukuu aliniletea taa ndogo ya sola, mwanzoni ilikuwa inakesha. Sasa ikifika saa tatu usiku imezima. (Bahi)

JIBU: Shikamoo bibi. Anza na kile kipaneli: kifute kwa kitambaa chenye maji, kisha kitoe nje kabisa, mbali na kivuli cha mti na cha ukingo wa paa. Kikiwekwa dirishani nyuma ya kioo hakishibi. Kama taa na kipaneli vimeunganishwa kwa waya, kiache kipaneli juani peke yake, taa yenyewe uiweke kivulini, maana betri iko ndani ya taa na jua la Bahi linaipika. Fanya hivyo siku tatu mfululizo. Isipobadilika, betri imechoka, na hilo ni kawaida baada ya miaka miwili au mitatu. Usiitupe taa. Fundi wa simu anaweza kubadilisha betri ile, lakini mwambie aweke ya aina ileile na volti zilezile.

SWALI: Maji yetu ya kisima yana chumvi. Nikiosha paneli, zikikauka zinabaki na madoa meupe kuliko vumbi lenyewe. Nifanyeje, na ni mara ngapi inatosha? (Singida mjini)

JIBU: Madoa hayo ni chokaa na chumvi, na yakizoeleka kioo hakirudi kuwa safi kama mwanzo. Ni heri vumbi kavu kuliko maji ya chumvi yaliyokaukia juu ya paneli.

Tenga pipa la maji ya mvua kwa kazi hii. Paneli moja kubwa inahitaji lita 2 au 3 tu, kwa hiyo pipa la lita 200 linaosha paneli sita zaidi ya mara kumi. Lipo swali la saa: osha alfajiri kabla kioo hakijapata moto. Maji ya baridi kwenye kioo cha nyuzi 60 yanaweza kukipasua, na yanakauka kabla hujayafuta. Anza kwa kufagia vumbi likiwa kavu, kwa brashi laini ya mpini mrefu, kutoka juu kwenda chini. Kisha mwaga maji, pitisha sponji, kamua kwa mpira wa kufutia vioo. Sabuni ya unga hapana, steliwaya hapana, na usikanyage paneli hata kama unavua viatu. Seli zilizo chini ya kioo ni nyembamba mno, zinapata nyufa ambazo jicho halioni, na nyufa hizo zinaonekana mwaka unaofuata umeme ukipungua bila sababu.

Kama maji ya mvua yamekwisha, tumia hayo ya kisima lakini usiache hata tone likauke lenyewe. Kwa madoa ambayo yamekwisha kuganda, changanya siki nyeupe na maji kiasi sawa, paka, subiri dakika chache, sugua kwa sponji, suuza vizuri ili siki isibaki kwenye fremu ya alumini.

Kuanzia Mei hadi Novemba, mara moja kwa wiki mbili inatosha mjini. Walio kando ya barabara ya vumbi wafanye kila wiki. Kinyesi cha ndege kisingoje zamu. Doa moja la kunguru likifunika seli moja, seli hiyo inaacha kuzalisha na kuanza kupata moto kwa umeme wa wenzake, na ukichelewa unakuta alama ya kahawia mgongoni mwa paneli.

SWALI: Nina ekari moja ya zabibu Hombolo. Kisima kina mita 80. Karatasi ya wachimbaji inasema maji yanasimama mita 35, yakivutwa yanashuka hadi mita 48, na kisima kinatoa lita 4,500 kwa saa. Sasa natumia jenereta ya petroli na inanimaliza. Nahitaji paneli ngapi? Na je, ninunue betri ili nimwagilie usiku? (Mkulima, Hombolo)

JIBU: Ndugu mkulima, kwanza pongezi kwa kuitunza karatasi ya kisima. Wengi wanaotuandikia kuhusu pampu hawanayo, na bila namba zile tatu kila fundi atakuwa anakisia.

Betri usinunue. Tanki ndiyo betri yako. Pampu ipandishe maji mchana, maji yakae juu ya mnara, jioni ufungue koki yashuke yenyewe kwenye mistari ya matone. Tanki la lita 10,000 halichoki kwa kujazwa na kumwagwa kila siku, na betri ya kufanya kazi hiyo ingekuwa gharama kubwa kuliko pampu.

Tuanze na maji. Mizabibu yenye majani kamili, mwezi wa tisa na wa kumi ambapo kiangazi kimekolea, inahitaji kama milimita 3.5 kwa siku. Milimita moja juu ya ekari moja ni lita 4,000 na ushei, kwa hiyo ni lita 14,000. Ongeza kidogo kwa yanayopotea na kwa kusukuma chumvi chini ya mizizi, tuseme lita 16,000, yaani mita za ujazo 16. Hiyo ni kwa matone. Ukiendelea na mifereji, jiandae kwa karibu mara mbili.

Kisha kimo. Usihesabu kutoka mita 35 ambako maji yanasimama. Hesabu kutoka 48, kwa sababu ndiko yatakakokuwa pampu ikifanya kazi. Kosa hili moja limefanya pampu nyingi zionekane dhaifu. Ongeza mita 10 za mnara wa tanki na msuguano ndani ya bomba: mita 58.

Kanuni ni hii: mita za ujazo mara kimo mara 2.725, unapata wati-saa (wati moja ikitumika kwa saa moja). Yaani 16 × 58 × 2.725 = 2,529. Pampu na mota yake pamoja havigeuzi umeme wote kuwa maji, chukua asilimia 45: unahitaji wati-saa 5,620. Jua la Hombolo kwa uhakika linakupa saa 5.5 za nguvu kamili kwa siku ya kiangazi, kwa hiyo gawanya: wati 1,022. Sasa toa joto, vumbi na waya kwa kugawanya kwa 0.75: wati 1,362. Paneli mbili za 550 hazifiki. Nunua tatu, wati 1,650. Ziada ile itaiamsha pampu mapema asubuhi na kuivumilisha wingu likipita.

Chagua pampu inayotoa lita 2,700 hadi 3,000 kwa saa kwenye kimo cha mita 58. Soma mchoro wa pampu, si namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, kwa maana ile ni ya kimo sifuri. Usivuke theluthi mbili ya uwezo wa kisima. Chako ni lita 4,500, kwa hiyo 3,000 ndio mwisho wako. Ukivuta zaidi maji yatashuka, mchanga utapanda, na magurudumu ya ndani ya pampu yatalika.

Hapa kwenye kuunganisha paneli, tuwe makini. Paneli ya 550 ikiwa haina mzigo hutoa volti 49.8 hivi. Tatu kwa mstari ni 149.4. Sokoni kuna kontrola nyingi zenye kikomo cha volti 150, na muuzaji atakuambia inatosha. Haitoshi. Volti za paneli hupanda kadiri inavyopoa. Alfajiri ya Juni au Julai, hewa ikiwa nyuzi 12, zinaongezeka kwa asilimia 3.5 na kuvuka 154. Jua linapochomoza tu, mwanga ukiwa bado hafifu, volti zimeshafika juu, na kontrola inaungua kabla pampu haijazunguka hata mara moja. Mkulima anaamka anakuta imekufa katika siku ya baridi isiyo na radi wala mvua, na hajui imeuawa na nini. Nunua yenye kikomo cha volti 200 au zaidi.

Shusha pampu hadi mita 65: iko mita 17 chini ya maji yanayovutwa, na mita 15 juu ya tope la chini. Muulize mchimbaji chujio la kisima limeanzia wapi, pampu isikae uso kwa uso nalo. Bomba liwe la plastiki gumu la milimita 40 lenye daraja la shinikizo la PN 16. Funga kamba ya usalama isiyooza, usitegemee waya wa umeme kubeba pampu. Weka kihisi cha maji juu ya pampu ili kisima kikipungua izime yenyewe, na boya tankini ili likijaa izime pia. Kifaa cha kuendeshea pampu kifungwe chini ya kivuli cha paneli zenyewe, kwa sababu boksi la chuma likiachwa juani kinajipunguzia nguvu mchana ule unaouhitaji. Matundu ya waya yazibwe vizuri. Mijusi na sisimizi wakiingia humo, ni suala la muda tu.

Kabla ya mistari ya matone weka chujio la diski, na lioshwe kila wiki. Kabla ya yote hayo, chota lita moja ya maji uipeleke maabara ikapimwe chumvi. Mzabibu si mvumilivu wa chumvi, na ni afadhali kujua leo kuliko kuona kingo za majani zikiungua msimu wa pili. Kibali cha kutumia maji kinatolewa na bodi ya maji ya bonde lenu, na Hombolo iko katika Bonde la Wami/Ruvu.

Jenereta usiiuze mwaka wa kwanza.

SWALI: Nina saluni ya kunyolea Manyoni. Betri ya jeli ya ampea-saa 200 imekufa ndani ya miezi 11. Paneli ni ya wati 150. Mashine, taa, redio na TV kwa siku vinakula kama wati-saa 900. Muuzaji anasema nimeitumia vibaya. (Kinyozi, Manyoni)

JIBU: Betri yako imekufa njaa. Paneli ya wati 150 kwa saa 5.5, ukitoa upotevu, inakupa wati-saa 580 hivi kwa siku. Wewe unatumia 900. Kila siku ulikuwa unakopa 320 ambazo hukuwahi kuzilipa. Betri ya risasi, na jeli ni mojawapo, isipojaa hadi juu huota fuwele ngumu kwenye sahani zake, na zikiganda hazirudi. Inabaki na sura ya betri, ndani ni jiwe. Hakuna aliyekupigia hesabu hii siku ya kununua, na hilo si kosa lako.

Betri ya risasi inataka chaji isiyopungua asilimia 10 ya ukubwa wake. Kwa ampea-saa 200 ni ampea 20, na hiyo kwa volti 14 ni wati 280 zilizofika kwenye betri. Paneli iwe ya wati 400 au zaidi. Lakini ukinunua paneli hizi kubwa za volti 40 ukaifunga kwa kontrola ya bei rahisi ya aina ya PWM kwenye betri ya volti 12, utakuwa umetupa zaidi ya nusu: kontrola ile inaishusha paneli hadi volti za betri, ampea 13 mara volti 13, unapata wati 170 kutoka paneli ya 550. Kwa paneli kubwa na betri ya volti 12, ni kontrola ya MPPT tu, ile inayogeuza volti za ziada kuwa ampea, na kwa wati 450 iwe ya ampea 40.

Usiishushe chini ya nusu. Zima kila kitu usiku, asubuhi kabla jua halijagusa paneli pima kwa multimeta: volti 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, 11.8 umeshaiumiza. Inveta (vigeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) nyingi zimewekwa zizime kwenye 10.5, na hapo zinailinda inveta, haziilindi betri. Kama yako inaruhusu kubadilisha, panda hadi 11.8 ikiwa na mzigo. Kontrola iambie kuwa betri ni ya jeli, volti 14.1 au 14.2, na ule mpango wa kusawazisha kwa volti za juu uuzime kabisa, kwani jeli ikitoka mapovu hairudi kushikana.

Na uitoe kwenye kona ya bati la magharibi kama iko huko. Kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya risasi kwa nusu. Kibanda chenye nyuzi 35 kinageuza betri ya miaka minne kuwa ya miwili. Chini kabisa, kivulini, penye hewa.

Ukiweza kumudu lithiamu ya chuma na fosfeti, ya volti 12.8 na ampea-saa 100 inakupa karibu wati-saa 1,000 za kutumia, si mbali na jeli yako ya 200 ikitumiwa kwa nidhamu. Hiyo haiumii isipojaa. Ila usiiunganishe pamoja na ile ya zamani.

SWALI: Zahanati yetu itafungiwa paneli sita juu ya paa la bati. Tunaogopa upepo wa Agosti, na radi mvua zikianza. Tumsimamie fundi kwa mambo gani? (Kamati ya kijiji, Mpwapwa)

JIBU: Upepo wa kilomita 90 kwa saa unasukuma paneli moja kubwa kwa nguvu ya karibu kilo 100. Sita ni kama kilo 600 zinazotaka kuondoka na paa. Skrubu zilizoshika bati la geji 30 peke yake zitang'oka. Simameni hapo fundi akitoboa na mhakikishe kila mguu wa reli unashika mbao ya kenchi kwa bolti ya milimita 8, chini yake mpira wa kuzuia mvua. Paneli ziache sentimita 30 au 40 kutoka kingo za paa, kwa kuwa ukingoni ndiko upepo unakonyanyua zaidi. Kila paneli vibano vinne. Bolti zikazwe tena baada ya mwezi, na kila Juni kabla ya msimu wa upepo.

Kwenye waya wa paneli msikubali breka ya umeme wa nyumbani. Umeme wa gridi hugusa sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche ya breka inajizima. Umeme wa paneli haugusi sifuri, cheche inaendelea kuwaka ndani ya plastiki hadi inayeyuka. Breka iandikwe DC na volti zake zizidi za mstari wenu. Viunganishi navyo viwe vya mtengenezaji mmoja pande zote mbili. Vya aina tofauti vinaingiana vizuri mkononi, ndani vinagusana kidogo tu, na hapo ndipo moto huanzia.

Kwa radi, fremu zote, reli, na boksi la inveta viunganishwe kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16 hadi nguzo za ardhini, na kinga ya mawimbi ya radi iwekwe upande wa paneli na upande wa matumizi. Udongo wa Mpwapwa ukikauka haupitishi umeme vizuri. Nguzo moja haitoshi. Pigeni mbili au tatu, zikiachana kwa umbali usiopungua urefu wa nguzo yenyewe, ndani ya mashimo yaliyojazwa mfinyanzi na mkaa. Chumvi msitie, inaila nguzo. Upimaji wa ardhi, usiozidi omu 10, ufanyike Oktoba. Ukipimwa Februari, ardhi imelowa, kila kitu kitaonekana kizuri. Na mwombeni fundi leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla hajapanda ngazi.

SWALI: Misri na Moroko zimejenga mitambo mikubwa ya jua jangwani. Kwa nini nyanda kavu za Dodoma na Singida zisijazwe vioo kama Sahara? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma)

JIBU: Kwanza tutofautishe mitambo miwili. Benban, karibu na Aswan nchini Misri, ni paneli kama hizi za kwetu, zimeenea kilomita za mraba 37 na zina uwezo wa karibu megawati 1,650. Noor ya Ouarzazate, Moroko, kwa sehemu kubwa ni vioo vya kuakisi: vinakusanya miale na kupasha joto, na joto linachemsha maji ya kuzungusha tabo (turbini). Kwenye mnara wake wa karibu mita 250, chumvi iliyoyeyuka hupashwa hadi nyuzi 500 na zaidi, ikahifadhiwa kwenye matanki, na ikatoa umeme kwa muda wa saa saba hivi baada ya jua kuzama.

Vioo vile vinataka miale iliyonyooka. Utando mwembamba wa mawingu unaozuia kivuli chako kuonekana vizuri unavizima, wakati paneli inaendelea kupata mwanga uliotawanyika. Vinahitaji pia kupozwa. Sehemu ya kwanza ya Noor inapozwa kwa maji ya bwawa, na hizo zilizofuata zikajengwa za kupozwa kwa hewa. Dodoma ina masika yenye mawingu kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili, na maji yake tayari yana wenyewe. Kwetu ni paneli.

Na kwa paneli, Dodoma ina sifa ambayo Aswan haina. Iko mita 1,100 na ushei juu ya bahari, mchana wake hauvuki sana nyuzi 31, kwa hiyo seli zinapoa kuliko za jangwani. Megawati moja hapa inaweza kutoa karibu uniti milioni 1.6 kwa mwaka, ikihitaji ardhi ya ekari tano hivi. Megawati 100 ni ekari 500. Hakuna haja ya kujaza nyanda. Tena ardhi ile unayoiona tupu si tupu: ni malisho ya Wagogo na njia za mifugo, na mradi usioanza kwa kuzungumza nao utasimama. TANESCO imeanza Kishapu, Shinyanga, kwa awamu ya megawati 50 kati ya 150. Njia kuu ya kilovolti 400 ya Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga inapita katikati ya eneo lenye jua hili, na hilo ndilo jambo ambalo majangwa mengi hayana: jua liko, nyaya ziko mbali.

Linabaki suala la usiku. Mahitaji yetu hupanda saa moja hadi saa nne usiku, paneli zikiwa zimelala. Nchi ya jangwa inanunua betri au chumvi ya kuyeyusha. Sisi tuna bwawa la umeme la Mtera, kusini mwa mkoa huohuo wa Dodoma. Mchana paneli zikibeba mzigo, milango ya Mtera inaweza kubanwa na maji yakabaki bwawani. Jioni yakifunguliwa yanazungusha megawati 80 za Mtera, yanateremka na Ruaha Mkuu hadi Kidatu yenye megawati 204, kisha yanaingia Rufiji na kupita tena bwawa la Julius Nyerere lenye 2,115. Tone moja lililookolewa na jua la mchana wa Dodoma linafanya kazi mara tatu kabla ya kufika baharini.